Mafunzo ya kutesti softwea pale Mafiat, Mbeya: nilichokilipia na nilichokipata

Wadau habari za saa hizi. Watu wananiuliza sana inbox kuhusu haya mafunzo ya kutesti programu ambayo mabango yake yamebandikwa kuanzia Mafiat mpaka Kabwe, lile lenye kijana kavaa hedifoni anaichekea laptopu, kwamba je ni kweli unapata kazi au ni wale wale. Nimesoma pale na nimemaliza, so naandika hapa mara moja tu halafu kila anayeuliza nitakuwa namtumia hii. Jina la kituo silitaji, bango mnalijua wenyewe, na kuna mambo nitayasema huko chini siyo mazuri sasa sitaki kuitwa ofisini. Kwa kifupi nawapa nyota tatu kati ya tano, na katika hizo tatu mbili na nusu ni za mwalimu mmoja tu.

Tuanze na hela. Laki tatu na nusu kwa wiki nane, awamu mbili, nusu unatoa siku ya kwanza. Kwenye bango hawajaandika kwamba kuna elfu kumi ya fomu na elfu ishirini na tano ya setifiketi mwishoni, hiyo utaisikia ukishalipa ya kwanza. Kama huna laptopu wana kompyuta zao za mezani, ila wahi, kuna moja herufi A mpaka uibonyeze kwa dole gumba ndio inaandika na anayechelewa ndiye anayeikalia. Umeme ukikatika jenereta wanayo na wanaiwasha kweli, hapo nawapa haki yao, wai-fai ndio usiitegemee, nunua bando lako. Na kama unaenda Juni au Julai vaa sweta mbili, chumba ni cha vigae na dirisha moja halifungi vizuri, baridi ya Mbeya mnaijua.

Wiki ya kwanza yote ni hadithi za kasoro maarufu za kompyuta. Mdudu nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta pale Harvard mwaka 1947, roketi ya Ariane 5 iliyoripuka tarehe 4 Juni 1996 sekunde kama arobaini tu baada ya kuruka kwa sababu programu ilijaribu kusukuma namba kubwa kwenye nafasi ndogo isiyoitosha. Ni tamu kusikiliza sikatai, lakini wiki nzima kwa mtu aliyelipa laki tatu na nusu ni nyingi mno, siku moja ingetosha na hiyo roketi hakuna aliyeniuliza kwenye intavyuu yoyote.

Baada ya hapo wanaingia kwenye silabasi, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Silabasi wanayofundishia siyo ya kwao. Ni ya ISTQB, ile bodi ya kimataifa ya watu wa kutesti iliyoanza mwaka 2002, ngazi ya msingi, toleo la 4.0 lililotoka 2023. Hiyo silabasi unaidaunlodi bure kwenye tovuti yao, na mitihani ya mfano yenye majibu na maelezo ya kwa nini hilo ndio jibu nayo ni bure. Kituo wameiprinti, wakaitoboa, wakaweka kava la bluu lenye logo yao. Sasa mwisho wa kozi unapewa setifiketi ya kituo, siyo ya ISTQB, na wapo wenzangu wamekuja kugundua siku ya mahafali. Setifiketi ya ISTQB mpaka ukafanye mtihani wao mwenyewe na ulipie mwenyewe, maswali 40 ya kuchagua, dakika 60, ila kwa sisi ambao lugha ya mtihani siyo yetu ya kuzaliwa wanaongeza robo zinakuwa 75, na kufaulu ni pointi 26. Ukishaipata ya ngazi ya msingi haina kuisha muda. Kwa hiyo ukiona mtu anakuambia lipa laki tatu upate setifiketi ya kimataifa muulize ya nani.

Je silabasi yenyewe inasaidia? Inasaidia ila ni kavu, ukiisoma peke yako usiku unalala ukurasa wa nne. Kinachookoa ni mwalimu wa zamu ya jioni. Huyu kaka ametesti kweli, siyo wa kusoma slaidi, alishafanya kazi Dar kwenye kampuni ya mifumo ya malipo akarudi nyumbani kwa sababu za kifamilia. Kuna ile kanuni ya kwamba majaribio yale yale ukiyarudia rudia yanachakaa hayakamati tena kitu kipya, darasa zima tulikuwa tunaitumbulia macho, akasema nani hapa kwao wanalima viazi, mikono ikanyooka nusu ya darasa, akasema ukipiga dawa ile ile kila msimu wadudu si wanaizoea, basi ndio hiyo. Kumbe hata kwenye vitabu vya zamani vya fani hii walikuwa wanaiita kwa jina la dawa ya wadudu. Sijaisahau mpaka leo.

Lakini thamani ya huyu mtu siyo hadithi za viazi, ni kalamu nyekundu. Kituo kina apu yao ya mazoezi, ya kukopeshana kwenye vikundi, wameitengeneza makusudi imejaa kasoro, na kazi yako kila jioni ni kuzitafuta na kuziandikia ripoti, afu anazisahihisha moja moja kama insha za darasa la saba. Nitoe mfano ili mnielewe. Kwenye kujisajili kuna sehemu ya namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ni tarakimu 20, lakini kwenye kitambulisho imeandikwa na vistari vitatu katikati, nane, tano, tano, mbili. Mtu akikopi namba yake yenye vistari akaibandika, amebandika herufi 23. Ile sehemu inapokea 20 tu, inakata, kwa hiyo unabaki na kila kitu isipokuwa kistari cha mwisho na zile tarakimu mbili za mwisho, na haikwambii kitu, inakubali kimya kimya, unajaza ukurasa wa pili, unapiga picha, unafika mwisho ndio inakwambia taarifa zako hazijapatikana. Kaka mmoja wa Vwawa tuliyekuwa tunakaa naye akaandika ripoti yake mstari mmoja, "NIDA haifanyi kazi." Mwalimu akaizungushia nyekundu akamwambia mdogo wangu hii siyo ripoti haya ni malalamiko, malalamiko mpelekee mjumbe. Developa, yaani yule anayeitengeneza apu, akisoma hapa anajaribu kwa kuchapa kwa mkono, anachapa 20 bila vistari, inapita, anakujibu kwangu inafanya kazi, mnaanza kugombana.

Akamrudishia mara kadhaa mpaka ikawa hivi: kichwa, namba ya NIDA ikibandikwa pamoja na vistari inakatwa mwishoni bila onyo. Halafu simu gani, Android toleo la ngapi, apu toleo la ngapi, hatua ya kwanza ya pili ya tatu, nilitegemea nini, kimetokea nini, skrinishoti. Na chini ukali wa kasoro na kipaumbele cha kuirekebisha, ambavyo ni vitu viwili tofauti, kwa mfano jina la kampuni likikosewa herufi kwenye ukurasa wa kwanza apu haifi lakini bosi anataka lirekebishwe leo leo. Jioni nzima mnakaa na kitu kimoja namna hiyo. Wengine walikuwa wanalalamika kwamba tunacheleweshwa, wanataka kufika kwenye Selenium, ile ya kuandika programu inayotesti tovuti yenyewe bila mtu kubonyeza, haraka waonekane wanaandika programu. Mimi nasema pale ndipo hela yangu ilipokuwa.

Selenium wanaigusa wiki ya saba, juu juu sana, ukitoka pale usijiite mtu wa otomesheni. Postman wamefundisha vizuri kiasi, unajua kutuma maombi kwenye mfumo na kusoma majibu. Jira, ile ya kuorodhesha na kufuatilia kasoro, wamefundisha kwa projekta tu, mwalimu anabonyeza sisi tunaangalia, wakati ile ni bure kwa timu isiyozidi watu kumi, wangetugawa makundi kila kundi lifungue ya kwake, sijui nani aliwashauri.

Sasa kuhusu ajira maana ndio kila mtu anachouliza. Bango linasema "tunakuunganisha na waajiri". Kuunganishwa kwenyewe ni grupu la WhatsApp. Humo yanafowadiwa matangazo ya kazi, karibu yote ya Dar, mengine yameshapita tarehe, na kuna siku lilitupwa tangazo la kampuni sijui ya nchi gani inataka testa kumi ila kila mwombaji atume elfu thelathini ya fomu kwanza. Admini mwenyewe wa kituo ndiye alilituma! Mwalimu wa jioni akaliona akaandika chini yake kwamba kazi haiuzwi fomu jamani, msitume hela, likafutwa. Hata kazi za serikali unaomba bure kwenye portal ya Ajira, sembuse hawa.

Afu ugonjwa wa matangazo ya kweli mnaujua, kazi ya kuanzia tu wanataka uzoefu wa miaka miwili, mitatu. Huo uzoefu mtu anautoa wapi akiwa Uyole? Kampuni nyingi za kwetu developa anatengeneza na anajitestia mwenyewe, hiyo nafasi ya testa haipo kabisa, na zinazoajiri testa ni mabenki, mitandao ya simu, kampuni za malipo, ambazo makao yake siyo huku. Kituo hakikutuambia hili hata siku moja. Hawakutuambia pia kwamba ukitafuta neno testa peke yake unaweza usione kitu mwezi mzima, wakati kazi ile ile imetangazwa kwa jina la QA, yaani uhakiki wa ubora, au UAT, yaani majaribio ya upande wa mtumiaji kabla ya kuupokea mfumo, au mtu wa sapoti ya mifumo ambaye ndani ya majukumu yake mstari wa tano umeandikwa kuhakiki matoleo mapya kabla hayajaenda kwa wateja. Serikalini ndio kabisa, mara nyingi utakuta wameandika Afisa TEHAMA tu, mpaka usome majukumu. Hii nimeijua kwa kusoma matangazo mpaka macho yanauma, siyo kwa laki tatu na nusu yangu.

Kilichonisaidia mimi kilitoka kwenye maongezi ya bure wakati tunasubiri jenereta iwashwe. Mwalimu aliuliza kila mtu anafanya nini mchana. Mimi nipo kwenye steshenari ya mama mmoja pale Sokomatola, natoa kopi, natypisha barua, na zaidi ya yote najazia watu fomu za mtandaoni, maombi ya kazi, mikopo ya chuo, kila kitu. Nikalisema hilo kwa kulipita tu kama kitu cha kujishikiza. Akaniambia dada, wewe unawaona watumiaji wa kweli wakikwama kila siku, hao wenzako wa Dar wanalipwa kutafuta watu wa hivyo. Andika.

Na kweli ukikaa steshenari unaona mambo. Baba anakuja na simu ndogo ya Itel imejaa, apu inataka nafasi ambayo haipo. Binti jina lake lina ng' na mfumo unakataa ile ritifaa, unamwambia jina lina herufi isiyoruhusiwa, jina la babu yake hilo, na ukiitoa linakuwa halifanani na cheti cha kuzaliwa, unakwama upande wa pili. Picha inatakiwa isizidi ukubwa fulani lakini haisemwi mpaka uipandishe ikataliwe. Intaneti inakatika katikati ya malipo na mtu anabonyeza tena, anakatwa mara mbili, anakuja kukugombeza wewe. Nilianza kuyaandika yote kwa mtindo wa kalamu nyekundu, bila majina ya watu na bila namba zao, nikayaweka kwenye faili moja safi, simu, hatua, nilitegemea nini, kimetokea nini. Zile hali za intaneti mbovu nilizirudia kwa Chrome, ina sehemu ya kuupunguza mtandao kwa makusudi uone ukurasa unavyohangaika. Kwenye CV pale penye uzoefu sikuandika "mhudumu wa steshenari", niliandika ninachokifanya pale, kwamba nasaidia watumiaji kukamilisha maombi kwenye mifumo ya umma na ya binafsi na kuandika kasoro zinazowakwamisha, ambao ni ukweli mtupu, mama mwenye duka ni shahidi.

Intavyuu iliyozaa matunda ilikuwa ya mtandaoni, na umeme wa mtaa wetu ulikatika dakika chache kabla, nikahamia kwenye simu na bando, nimeikalisha juu ya rimu za karatasi. Wakaanza na swali la kawaida, una uzoefu wa miaka mingapi kwenye QA. Nikawaambia kwenye ofisi ya QA sijawahi kukaa, naomba niwatumie faili mlione. Wakalifungua wakanyamaza kidogo, mmoja akauliza hii ya ng' uliipata wapi, nikamwambia kwa mteja, Jumanne. Halafu wakanipa mtihani, sehemu ya kuandika kiasi cha mkopo inapokea kuanzia elfu kumi mpaka laki tano, utaingiza nini. Hapo silabasi ilinibeba, mipaka, yaani unajaribu pale pale kikomo kilipo na hatua moja nje yake, 9,999 na 10,000, halafu 500,000 na 500,001. Lakini nikaongeza ya steshenari, kwamba mteja wetu anaandika na koma, mwingine anaandika 50000/= na ile alama mbele kama kwenye risiti, mwingine anaacha nafasi baada ya kila sifuri tatu, na mwingine anaandika kwa maneno laki mbili, je mfumo unamwambia nini huyo? Nimewaona wanaandika.

Wamenipa mkataba wa muda, wa kutesti matoleo mapya ya apu kutoka huku huku Mbeya kwa simu ya kawaida na mtandao wa kawaida, maana walikuwa wanatestia simu za bei mbaya ofisini Dar na wateja wao wengi hawana hizo. Siyo mshahara wa kujengea nyumba na steshenari bado naenda mchana. Waliomaliza na mimi, kwa ninaowajua, wengi bado wanatafuta, na wawili wamepata sapoti ya mifumo, mmoja Makambako mwingine Dodoma. Kituo kimeweka picha yangu kwenye status yao imeandikwa "mwanafunzi wetu ameajiriwa" bila kuniuliza. Nimewaandikia waitoe, wamenijibu na emoji ya kucheka.

Je uende? Kama unaweza kujisomea, kuna rafiki yangu yuko Iringa, Kihesa, alichukua silabasi ya bure na mitihani ya mfano, akatafuta apu za mazoezi mtandaoni, anajua nadharia kuliko mimi na ametumia bando tu. Alichokosa ni mtu wa kumrudishia ripoti yake, alikuwa ananitumia mimi nazichora nyekundu kwenye simu, inawezekana ila mpate mtu asiyekuonea haya. Kama wewe ni wa kusukumwa, au nyumbani hakuna utulivu, au hujawahi kabisa kukaa na mtu wa softwea, kile kituo kitakusaidia, ila ingia ukijua unanunua zile jioni za kusahihishwa, ule mlango wa ajira haupo. Wali wa Kyela na maharage kwa mama wa hapo nje ni buku mbili na nusu na anakopesha wanafunzi, hiyo nayo nimeihesabu kwenye nyota.

Na muwe makini na zamu. Asubuhi anafundisha mtu mwingine kabisa, anasoma kava la bluu ukurasa kwa ukurasa, watu wa asubuhi hawajawahi kuiona hiyo kalamu. Nimesikia pia huyu kaka wa jioni ameitwa kazini Dodoma na huenda akaondoka, so kabla ya kutoa hata ile elfu kumi ya fomu nendeni saa kumi na moja jioni muulizeni yeye mwenyewe, siyo mapokezi, kama atakuwepo mpaka wiki ya nane.